Mkaguzi Aliyenyamazishwa

Pappachan alipiga simu saa tatu na robo asubuhi, na kama kawaida yake hakuanza na salamu.

"Sanduku lenu limezira tena," alisema. "Taa ya kijani inawaka, linatutazama tu. Maji yamefika shingoni mwa mpunga. Nimewasha pampu kwa mkono, mimi mtu wa miaka sitini na nane, nimesimama kwenye tope mvua inaninyea. Mpe simu yule mama."

Vaisakh ndiye aliyeipokea, kwa kuwa simu ilikaa mezani pake. "Yule mama" alikuwa Beena, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ambaye ofisi yote ya Kakkanad ilimwita Beena Chechi, dada mkubwa, hata meneja aliyemzidi umri. Alifuta vidole vyenye mafuta ya dosa, chapati nyembamba ya mchele, akaichukua simu. Vaisakh akajifanya anasoma kitu kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Ndiyo, mzee wangu... Ndiyo, ni sisi... Naomba msilizime, liacheni hivyo hivyo tuje tulione... Najua. Mwezi uliopita pia nilisema hivyo. Najua."

Alikata simu. Aliitazama dosa iliyobaki, akaifunga tena kwenye jani lake la mgomba.

Kampuni yao ilitengeneza masanduku ya kuendesha pampu za Kuttanad, kule ambako mashamba ya mpunga yako chini kuliko maji yanayoyazunguka, na pampu zikilala siku mbili shamba linageuka ziwa. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na kihisi cha kupima kina cha maji, simu ndogo ya kupeleka taarifa, na kompyuta isiyozidi kiganja cha mkono. Maji yakipanda, sanduku linawasha pampu; yakishuka, linazima. Lakini tangu mvua za Juni zianze, masanduku yalikuwa yakiganda moja baada ya jingine. Hayakuzimika. Yaliishiwa kumbukumbu.

Tatizo lilikuwa kwenye kiini cha mfumo, na hilo ndilo lililowakosesha raha. Programu ya kawaida ikiazima kumbukumbu na kusahau kuirudisha, siku inapofungwa, mfumo huipokonya kila ilichoshika, na mambo yanaendelea. Kiini hakifungwi. Kiini ndicho sakafu ambayo programu zote zimesimama juu yake. Kikiazima kipande na kukisahau, kipande hicho kimepotea mpaka sanduku lizimwe na kuwashwa upya. Kipande kimoja si kitu. Maelfu, sanduku linabaki linapumua tu, haliwezi hata kuwasha pampu.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni mkaguzi. Ni sehemu ndogo ya kiini chenyewe, ambayo kila baada ya dakika kadhaa hupita kwenye kumbukumbu yote ikitafuta vipande vilivyoazimwa ambavyo hakuna tena anayejua viko wapi. Ikivipata, inavitaja. Walimwendesha mkaguzi usiku na mchana kwenye masanduku manne, na kila mara alijibu vilevile: hakuna kilichovuja.

"Kama mkaguzi haoni kitu," alisema meneja wao, Kuruvila, kwenye kikao cha mwanzo wa Julai, "basi vipande havijasahaulika. Kuna mtu amevishika mkononi na hataki kuviachia. Nani anashika vitu kwa muda mrefu?"

Wote walijua. Msimbo wa simu, yaani maandishi ya programu yake, ndio ulioshika taarifa zikingoja mtandao upatikane, na msimbo wa simu ulikuwa wa Beena Chechi. Mvua ikinyesha mtandao wa Kuttanad hukatika. Mvua ikinyesha masanduku hufa. Vaisakh mwenyewe ndiye aliyechora mchoro wa mistari miwili, mmoja wa mvua na mwingine wa kumbukumbu, inayopanda pamoja kama mapacha. Kuruvila aliusifu mchoro ule. Beena Chechi aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Mchoro mzuri, mdogo wangu," na tangu siku hiyo akaanza kuuandika upya msimbo wake, mstari kwa mstari.

Hiyo ilikuwa wiki ya sita sasa. Alikuwa amekonda.

Vaisakh alimpenda kama ndugu, na hakuona kwamba mchoro ule ulikuwa ubaya. Ulikuwa ukweli, na yeye aliamini ukweli haumuumizi mtu mwema. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Miaka mitatu nyuma, akiwa bado mgeni, aliandika peke yake msimbo wa kihisi cha maji, na kazi ile ikamletea jina. Februari iliyopita chuo chake cha Palakkad kilimwalika azungumze na wanafunzi juu ya nidhamu ya kumbukumbu. Aliwaambia kwamba kuandika kiini ni kama kuishi na watu: ukiazima, unarudisha, hata kama hakuna anayekuona. Wanafunzi walipiga makofi. Msichana mmoja aliandika maneno hayo kwenye daftari lake na kuyapigia mstari.

Siku ya simu ya Pappachan, Jumanne, Beena Chechi na Vaisakh walitumwa Kuttanad kulisoma sanduku palepale lilipo. Walifika saa sita, wamelowa kuanzia magotini. Banda la pampu lilikuwa kwenye tuta, upande mmoja mfereji, upande mwingine mpunga uliosalia ncha tu juu ya maji. Pappachan, katibu wa kamati ya shamba, aliwangoja na mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

"Mtoto umelowa, ingia ndani," alimwambia Vaisakh, akammiminia chai kutoka kwenye chupa. Kisha akamgeukia Beena. "Wewe njoo nikuonyeshe ulichofanya."

Akamtoa nje kwenye mvua. Vaisakh aliwasikia wakitembea juu ya tuta, sauti ya mzee ikipanda na kushuka, sauti ya Beena ikisema ndiyo, ndiyo.

Aliunganisha kompyuta yake na sanduku, akaliwasha upya, akatega hesabu ya vipande huru vya kumbukumbu, vile ambavyo havijaazimwa. Kabla ya kutoka, Beena Chechi alikuwa ameing'oa kadi ya simu kwa mkono wake ili kupima kama sanduku lisilo na simu nalo litavuja. Kwa hiyo msimbo wa simu ulikuwa umelala, haukushika chochote. Hesabu ilitulia. Vaisakh alikunywa chai.

Kisha maji kwenye shimo la pampu yakafika alama na pampu ikawaka yenyewe. Mota ilikohoa, bati la paa likatetemeka, taa ya banda ikafifia kwa sekunde kama nne. Hesabu ikashuka kwa vipande arobaini.

Alingoja virudi. Havikurudi. Pampu ilifanya kazi robo saa, ikazima. Ikawaka tena. Vikapotea vingine arobaini na kimoja.

Alijua kabla hajataka kujua. Ni nini kwenye sanduku kinachosumbuka mota inapowaka? Si simu, kadi yake ilikuwa pale mezani kando ya kikombe cha chai. Ni kihisi, ambacho waya wake unapita sentimita chache kutoka kwenye mota. Umeme ukiruka, ujumbe wa kihisi hufika umekatika. Kihisi hutuma ujumbe kumi kwa sekunde. Sekunde nne za kukohoa, ujumbe arobaini. Na mvua ikizidi, pampu huwaka mara ishirini kwa siku badala ya mara tano. Mtandao haukuhusika. Mistari miwili ya mchoro wake ilipanda pamoja kwa sababu nyingine kabisa.

Alifungua msimbo wake. Alikuwa hajausoma kwa miaka miwili. Pale ujumbe uliokatika ulipotupwa, aliutupa vizuri, ila chombo ulichokuja nacho, kile kipande cha kumbukumbu, hakukirudisha. Ni kama mtu aliyemwaga maji machafu na kukitupa kikombe pamoja nayo. Maabarani alikoujaribu hapakuwa na mota. Bila mota hakuna ujumbe unaokatika hata mmoja.

Lakini mkaguzi je? Mbona hakuona?

Mistari tisa juu yake lilikuwapo jibu, kwa maneno yake mwenyewe:

*Mkaguzi anakosea hapa. Huu si mvujo. Apuuze.*

Na chini ya maneno hayo, mstari mmoja wa amri ya kumfumba macho.

Aliikumbuka siku ile. Ilikuwa Ijumaa, Kuruvila anangoja, na mkaguzi alikuwa akipiga kelele juu ya vyombo vya kihisi. Nusu ya kelele zile zilikuwa za uongo kweli: chombo kikiwa mikononi mwa kihisi, mkaguzi hawezi kukiona, hudhani kimepotea. Vaisakh aliitambua nusu hiyo, akafurahi kwa kuitambua, akamnyamazisha mkaguzi kwa vyombo vyote. Hakusoma orodha mpaka mwisho. Alikuwa na uhakika kuliko mkaguzi aliyetengenezwa na watu waliomzidi ujuzi.

Mlango ulifunikwa na kivuli. Beena Chechi alisimama pale, shali yake imegandamana na mabega, matope mpaka kiunoni. Inaelekea aliteleza tutani.

"Umeona kitu?" aliuliza.

Vaisakh alikuwa na nafasi ya kusema. Kioo kilikuwa mbele yake, angekigeuza tu.

"Bado," alisema Vaisakh.

"Haya. Tutaona." Akaketi juu ya gunia, akaanza kukamua shali yake.

Njiani kurudi alijiambia kwamba atahakikisha kwanza. Usiku alihakikisha. Asubuhi alijiambia kwamba kilicho muhimu ni mpunga wa watu, na mpunga hauulizi nani alikosea. Kwamba atauziba mvujo leo leo, kisha atatafuta saa nzuri ya kusema. Yote yalikuwa maneno ya mtu mwema, na ndiyo maana yalimfaa sana.

Katika kazi yao kila badiliko la msimbo huitwa kiraka, na kila kiraka huenda na maelezo na majina: nani amekiandika, nani amekisoma akakikubali. Kiraka kinachoziba tundu huongezewa mstari unaotaja kiraka kilicholileta. Hakuna anayeuona mstari huo kuwa tusi. Beena Chechi alikuwa ametajwa hivyo mara tisa katika miaka yake, na aliwasimulia wageni kila moja akicheka, kama mtu anavyoonyesha makovu ya utotoni.

Vaisakh aliandika: *Usafi mdogo kwenye msimbo wa kihisi.* Akabadilisha majina matatu ya vitu, akapanga upya mistari iliyokaa vibaya, na katikati ya usafi huo akauingiza mstari mmoja unaorudisha chombo. Amri ya kumfumba macho mkaguzi aliiacha ilivyo. Kuiondoa kungewafanya watu waangalie. Mstari wa kutaja kiraka kilicholeta tundu hakuuweka, kwa kuwa usafi hauzibi tundu lolote.

Msomaji wake alikuwa Beena Chechi. Beena Chechi alijulikana kwa kusoma. Aliwahi kumrudishia Kuruvila kiraka mara saba. Lakini siku ile alikuwa na wiki sita za macho mekundu na msimbo wake mwenyewe umetapakaa kwenye vioo viwili. Kibali kilirudi baada ya dakika moja. Jina lake, na chini yake maneno mawili: *Wewe nakuamini.*

Vaisakh alikwenda chooni akakaa huko mpaka Sahla wa meza ya tatu alipogonga mlango kuuliza kama amefungua tawi la ofisi humo ndani.

Ijumaa toleo jipya lilipelekwa kwenye masanduku yote. Ndani yake mlikuwa na kazi yote ya Beena Chechi ya wiki sita, na usafi mdogo wa kihisi. Mvua ikaendelea kunyesha. Hesabu zikatulia. Siku tano, siku kumi. Pampu ziliwaka mara ishirini na tano kwa siku na hakuna sanduku lililoganda. Pappachan akaacha kupiga simu.

Kila asubuhi Vaisakh alikuja kazini akiwa amepanga kusema, na kila asubuhi ilikuwa ngumu kidogo kuliko ya jana, kwa sababu sasa palikuwa na jana ya kueleza. Alianza kumkwepa Beena Chechi kwenye ngazi. Alipomletea kipande cha keki ya ndizi aliyoioka mwanawe, alikila chote mbele yake, na hakikuwa na ladha.

Siku ya kumi na sita tangu banda la pampu, Alhamisi, Kuruvila alinunua ndizi za kukaanga kwa ofisi nzima. Saa kumi walikusanyika kwenye meza ndefu kandokando ya dirisha.

"Sanduku la Pappachan limefika siku ya kumi na tatu bila kuganda," alisema Kuruvila. "Kwenye mvua hizi! Beena Chechi, umetuokoa."

"Leo Saar katoa ndizi kwa hiari yake," Sahla alisema, akimwita meneja Saar, yaani bwana, kama walivyozoea wote. "Andikeni tarehe."

Watu walicheka. Beena Chechi hakucheka. Aliweka gilasi yake ya chai mezani, akaishika kwa mikono miwili.

"Nina jambo," alisema. "Nataka kuwaomba radhi. Mmepoteza wiki nane kwa sababu ya msimbo wangu, na wale watu wamepoteza mpunga. Nilimpigia Pappachan jana nikamwambia kosa lilikuwa langu."

"Ah, Chechi," Sahla alisema. "Nani hajakosea? Mimi mwaka jana nilifuta..."

"Ngoja, mwanangu, nimalize. Nimerudi nyuma kutafuta ni tundu lipi nililoliziba. Nimelinganisha msimbo wa zamani na mpya mara tatu. Silioni." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyofanya watu waache kutafuna. "Mtu akiziba tundu bila kuliona, ataleta jingine bila kuliona. Zamani nilikuwa naona. Saar, nimeongea na mume wangu. Nataka kuacha kazi ya kiini. Nipe kuandika miongozo ya watumiaji, au kupima. Kazi ambayo nikikosea haizamishi shamba la mtu."

"Chechi, usiseme mambo ya..."

"Barua nimeandika. Nitakuletea baada ya chai."

Vaisakh alikuwa na kipande cha ndizi mdomoni. Alikuwa amejiandalia maneno mengi kwa siku kumi na sita, mengine mazuri, na sasa hata moja halikuja.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Kuruvila alimgeukia.

"Huo mvujo. Si wa Chechi. Ni wangu. Ni kihisi." Alimeza ndizi ikamkwama, akakohoa, Sahla akampa maji, na hata hilo la kupewa maji lilimtia aibu. "Hakuna tundu kwenye msimbo wa simu. Halikuwapo kamwe. Ndiyo maana hulioni."

Beena Chechi alimtazama kama anavyoutazama msimbo.

"Vipande vya ukubwa gani?" aliuliza.

"Baiti elfu nne."

"Vinapotea wakati gani?"

"Mota ikiwaka. Ujumbe unakatika. Nautupa, chombo sirudishi. Arobaini kila mara."

"Na mkaguzi?"

"Nilimnyamazisha. Miaka mitatu iliyopita. Niliandika kwamba amekosea."

"Aa." Alitikisa kichwa polepole. Kwa nukta moja uso wake ulilegea, ule ulegevu wa mtu ambaye kitendawili kimemtoka kifuani, na Vaisakh akadhani labda ndio mwisho. "Na ulijua lini?"

Vaisakh aliitazama sahani ya ndizi.

"Mdogo wangu. Nimekuuliza."

"Jumanne ile. Bandani."

"Niliposimama mlangoni."

"Ndiyo."

"Ukaniambia bado."

"Ndiyo."

"Mtoto wewe," Kuruvila alisema, "ulikuwa unangoja nini?"

"Siku nzuri, Saar," alisema Vaisakh, na alipojisikia akisema hivyo alitamani sakafu impokee.

Beena Chechi aliinuka. Alikwenda kwenye sinki la pembeni akanawa mikono kwa muda mrefu, mgongo wake umewaelekea. Alipogeuka alikuwa akiifuta kwenye shali.

"Ule usafi mdogo," alisema.

"Ndio huo."

"Niliuwekea jina langu. Sikuusoma. Miaka kumi na tano, sijawahi kuweka jina kwenye kitu nisichokisoma." Alimtazama Kuruvila. "Hilo ni langu, Saar, liandike langu. Hayo mengine si yangu." Kisha akarudi mezani kwake.

Barua hakuipeleka siku ile. Kuruvila alimwita Vaisakh chumbani mwake, na hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kosa la kwanza angelifanya mtu yeyote pale, yeye mwenyewe akiwamo, na kwamba la pili hajui aliweke wapi. Alisema angependa Vaisakh amsaidie kulielewa. Vaisakh alijaribu, akashindwa. Kila alipoanza sentensi ilikuja ikiwa imevaa sababu nzuri, na alikuwa ameanza kuziogopa sababu nzuri.

Kilichokwisha kupelekwa kwenye masanduku hakifutiki. *Usafi mdogo* utabaki kwenye historia ya msimbo, na jina la Beena Chechi chini yake, muda wote kampuni itakapokuwapo. Kilichowezekana ni kiraka cha pili: kumfungua mkaguzi macho, na kusema ukweli kwenye maelezo. Vaisakh alikiandika jioni ile, akakituma kwa msomaji yuleyule, kwa sababu kumchagua mwingine kungekuwa kukimbia tena.

Asubuhi kilikuwa kimerudishwa. *Umeandika kwamba mkaguzi alikuwa amezimwa eneo hili. Nani alimzima?*

Akaandika upya. Kikarudi. *Umeandika kwamba tatizo liligundulika baadaye. Lini? Weka tarehe. Na weka tarehe ya usafi mdogo. Mtu atakayesoma miaka kumi ijayo ahesabu mwenyewe.*

Mara ya tatu aliandika tarehe zote mbili, na ile ya Alhamisi ya ndizi. Aliandika kwamba yeye, Vaisakh, alimnyamazisha mkaguzi bila kusoma ripoti yake yote. Kwamba aliuziba mvujo kwa siri. Kwamba msimbo wa simu haukuwa na hatia. Akaweka mstari wa kutaja kiraka kilicholeta tundu, na kilikuwa kile kilichomletea jina. Kibali kilikuja baada ya saa mbili. Safari hii alikuwa amesoma. Hapakuwa na maneno ya ziada.

Vaisakh alimpigia simu Pappachan yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo yule mama nimemtukana bure," mzee alisema baada ya kusikiliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kwenye mvua. Akaanguka tutani, nami sikumpa hata mkono."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa ndani unakunywa chai yangu."

"Ndiyo."

"Bora ungekuwa umeniibia," alisema Pappachan, akakata.

Jumatatu iliyofuata Beena Chechi alikuja na kiti chake akakiweka kando ya meza ya Vaisakh. Ilikuwa mara ya kwanza kumsogelea.

"Ile barua nimeichana," alisema. "Lakini kuna kazi. Wiki sita nimeuandika upya msimbo ambao haukuwa na kasoro. Sasa hivi sijui nini humo ni dawa na nini ni hofu tu. Lazima usomwe wote, tuondoe kisichohitajika. Mabadiliko mia mbili na kumi na mawili."

"Nitayasoma mimi."

"Tutayasoma pamoja. Peke yako sikuachii." Hakulisema kwa hasira, alilisema kama mtu anayetaja kipimo. "Tuanze na wiki ya mwisho kabla ya toleo. Fungua la kwanza."

Alilifungua. Aliujua msimbo wa zamani wa Beena Chechi. Ndio aliojifunzia kazi alipokuja. Ulikuwa mfupi, haukurudia neno, ungeweza kuusoma kwa sauti. Huu hakuutambua. Kila chombo kilichoazimwa kilihesabiwa mara mbili. Kila kilichorudishwa kilikaguliwa kama kimerudishwa kweli, kisha kikakaguliwa tena mistari sita chini, mahali ambapo hapakuwa na njia yoyote ya kitu kubadilika. Ulikuwa msimbo wa mtu anayefunga mlango, anafika barabarani, anarudi kuusukuma, anafika barabarani, anarudi. Katikati ya badiliko la nne alikuta maneno ambayo Beena Chechi alijiandikia mwenyewe: *Labda ni hapa?* Kwenye la saba: *Labda ni hapa?* La saba hilo tarehe yake ilikuwa Jumatano, kesho yake ya banda la pampu. Na la tisa, na la kumi na moja, tarehe zikiendelea mbele, moja moja, siku ambazo Vaisakh alikuwa ameketi mita nne kutoka kwake akijua.

Macho yalimjaa machozi. Hakutaka Beena Chechi ayaone, kwa kuwa angelazimika kumbembeleza, na hiyo nayo ingekuwa kumpokonya kitu.

"Ukaguzi huu wa pili," alisema, "hauna kazi. Hapa kitu hakiwezi kubadilika."

"Una uhakika?"

Alianza kusema ndiyo. Akanyamaza. Akarudi juu kabisa ya ukurasa, akausoma tena mstari kwa mstari kwa kidole, mpaka chini, naye Beena Chechi akingoja.

"Nina uhakika," alisema.

"Haya, futa. La kumi na mbili."

Mpaka saa ya chai walikuwa wamefika la kumi na tisa.